SMS, apu, ufunguo wa siri ama kifunguo cha USB: akaunti zako uzifunge na gani?

Hebu fikiria imeli yako iko na nini saa hii. Kitambulisho mbele na nyuma ulichoskani ukitafuta kazi, cheti cha PIN ya KRA, mkataba wa nyumba, payslipu za miezi kadhaa, matokeo ya maabara uliyotumiwa na hospitali, na hapo hata hatujafungua Google Photos. Mtu akiingia hapo ameondoka na wewe mzima. Paswadi pekee haitoshi, hiyo sidhani kuna mtu bado anabisha, ndio maana kila mahali unaambiwa uweke hatua ya pili. Sasa kimbembe ni hiyo hatua ya pili iwe gani, maana ziko nne na kila mtaalamu anakuapia ya kwake.

Shida ya ushauri mwingi ni kwamba uliandikiwa watu wa ng'ambo, na mwizi wanayemuwaza wao ni jamaa ako mbali na laptop. Huku tao mwizi mara nyingi ni mkono unaoingia kwa dirisha la mathree hapo Globe, wewe uko katikati ya kuchati, simu iko wazi, na kabla upige nduru ashapotelea kwa watu. Kunyakuliwa simu ikiwa wazi ni hatari yake, kuswapiwa laini (mkora apewe laini mpya yenye namba yako) ni hatari nyingine, na kudanganywa mpaka ukasoma namba mwenyewe kwa simu ni nyingine tena. Kufuli inayozuia moja inaweza kuwa bure kabisa kwa ile ingine, kwa hivyo anza na unachoogopa kisha ndio uchague kufuli.

Maswali nitakayoulizia kila moja ni haya:

- Simu ikinyakuliwa, mwizi anapata nini?
- Laini ikiswapiwa je?
- Na wewe mwenyewe ukidanganywa?
- Ukipoteza kila kitu, unarudi aje kwa akaunti yako?
- Pesa na usumbufu, pamoja na ile siku uko saiba.

Kitu kimoja kwanza kabla hatujaanza, na hiki kinahusu zote nne. Hizi kufuli zinalinda mlango wa kuingilia. Simu iliyonyakuliwa ikiwa wazi tayari iko ndani ya nyumba, Gmail imefunguka, WhatsApp imefunguka, hakuna mtu anaulizwa namba. Hapo dawa ni mbio: omba simu ya mtu, ingia android.com/lock uifunge kwa namba yako (hii lazima uwe ushaiwasha mapema kwa setting za simu), ama iCloud kama ni iPhone, kisha nenda kwa akaunti yako ya Google kwa ile sehemu ya vifaa uondoe hiyo simu. Sawa, sasa tuingie.

OTP ya SMS

Hii hakuna haja ya kuieleza, hata shosh anaijua. Unaweka paswadi, namba sita zinakuja kwa laini yako, unaandika, umeingia.

Simu ikinyakuliwa: hapa ndipo SMS inaniudhi. Watu wanaweka alama ya kidole, wanaweka uso, wanaweka PIN ya skrini, halafu laini yenyewe iko uchi. Mwizi hahitaji kufungua simu yako, anatoa laini anaichomeka kwa simu nyingine, anaenda kwa ukurasa wa imeli anabonyeza "nimesahau paswadi" na OTP zako zinaanza kumfikia yeye. Wengine hata hawatoi laini, ujumbe unatokea juu ya skrini ikiwa imefungwa na wanausoma hapo hapo. M-Pesa iko na PIN yake kwa hivyo pesa haitoki hivi hivi, lakini imeli na mitandao yako ni nyama. Kinga ipo na ni ya bure: weka PIN ya laini, iko kwa setting upande wa usalama. Itakuuliza kwanza ile PIN laini ilikuja nayo, usiibahatishe, angalia kwa kadi yake, kwa sababu ukikosea mara tatu inataka PUK (ile namba ya kufungulia laini iliyojifunga) na PUK ukiikosea mara kumi hiyo laini imekufa. Kisha uzime ujumbe usionyeshwe skrini ikiwa imefungwa.

Laini ikiswapiwa: SMS inaanguka hapa bila ubishi. Mkora akishawishi mtu ampe laini mpya ya namba yako, kila OTP ni yake. Agosti 2019 akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mkuu wa Twitter yenyewe, ilichukuliwa kwa njia ya namba yake ya simu, sasa wewe na mimi ni nani. Kama uko Safaricom piga *100*100# ili namba yako isibadilishwe mpaka uende dukani kwao mwenyewe na kitambulisho, na *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu wamekuta namba hawazijui. Ukiona netiweki imekatika ghafla na wenzako kwa ofisi wanayo, usingoje, piga kwa kampuni yako ya simu kwa simu ya mtu mwingine saa hiyo hiyo. Na kama unajiuliza namba ya kitambulisho chako wanaitoa wapi, kumbuka kitabu cha geti. Kila jengo hapa tao unaandika jina, simu na namba ya kitambulisho kwa mstari mmoja, na anayeandika baada yako anakusoma wote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inachukuliwa ya nini, lakini jaribu kumsomea askari hiyo sheria saa mbili asubuhi ukiwa umechelewa intavyuu.

Ukidanganywa: haisaidii. Ile ya "samahani nimetuma namba kwako kimakosa, nisaidie" bado inawika, unaituma, WhatsApp yako imeenda, na dakika kumi baadaye "wewe" unakopa pesa kwa grupu la chama. Yule wa kupiga akijiita kampuni ya simu pia yupo, na Safaricom wenyewe wameshasema wao hupiga kwa 0722 000 000 pekee na hawakuulizi PIN.

Kurudi: hapa SMS inashinda zote na ndio maana siidharau. Laini imepotea, unaenda dukani na kitambulisho, unatoka na namba yako ile ile.

Pesa na usumbufu: bure, inafanya kwa kabambe, inafanya saiba. Tatizo lake ni laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia, namba huja ikapewa mtu mwingine na yeye ndiye anaanza kupokea OTP zako. Pia ukisafiri nje unaweza kukwama.

Inamfaa mtu wa kabambe, mzazi kule nyumbani ambaye ukimpa kitu kigumu ataacha kabisa, na kila huduma isiyokupa chaguo lingine, ambazo hapa kwetu ni nyingi.

Apu ya namba

Google Authenticator, ya Microsoft, Aegis, Ente Auth, zote zinafanya kazi ileile. Unaskani picha ya QR mara moja, siri inakaa ndani ya simu, na simu inapiga hesabu na saa kutoa namba sita mpya kila sekunde 30. Hakuna bando, hakuna netiweki, hata ukiwa chini kabisa kwa pakingi ya jengo inatoa tu. Sharti saa ya simu iwe sahihi, iweke ijirekebishe yenyewe, kuna watu wanahangaika namba zinakataliwa na kumbe saa yao iko mbele dakika mbili.

Simu ikinyakuliwa: ikiwa wazi na apu haina kufuli yake, mwizi anasoma namba kama zake. Aegis inakubali paswadi yake yenyewe ama kidole, ya Google pia unaweza kuiwekea kufuli, iweke. Lakini akitoa laini akaenda nayo hapati kitu, na hiyo ni tofauti kubwa na SMS.

Laini ikiswapiwa: haikuhusu... isipokuwa umeacha mlango wa nyuma. Watu wengi wanaweka apu halafu kwa setting za akaunti SMS bado iko pale kama njia ya akiba, na mkora anabonyeza tu "jaribu njia nyingine" anaingia kwa SMS. Ukiweka apu, rudi uangalie akiba yako ni nini, lakini usiondoe namba kabla hujahifadhi zile namba za akiba nitakazozitaja sasa hivi.

Ukidanganywa: bado uko hatarini. Ukurasa bandia unakuomba paswadi na namba ya apu, unaandika, wanaitumia palepale kabla sekunde zake ziishe. Angalau hakuna mtu atakuambia "nimekutumia kimakosa", kwa sababu hakuna kinachotumwa.

Kurudi: hapa ndipo watu hulia. Simu imeenda, umenunua nyingine, unafungua apu iko tupu. Google waliongeza kuhifadhi kwenye akaunti Aprili 2023, kabla ya hapo simu ikipotea na siri zote zimekwenda. Lakini hata na hiyo, kama namba ya kuingilia akaunti ya Google yenyewe iko ndani ya apu iliyohifadhiwa kwa Google, umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Kwa hivyo lazima uchukue namba za akiba, Google wanakupa kumi, kila moja inatumika mara moja. Ziandike kwa karatasi uweke penye cheti chako cha kuzaliwa. Ukizichapisha saiba, tafadhali futa faili kwa ile kompyuta, mafolda ya "Downloads" ya saiba zetu yangeweza kuanzisha ofisi ya usajili wa watu. Aegis yenyewe inakupa faili ya bekapu iliyofungwa na paswadi unayoweza kuiweka popote unapopenda.

Pesa na usumbufu: bure. Jihadhari na zile za kuiga zinazodai malipo ya kila wiki, apu ya maana ya kazi hii haina haja ya pesa yako, na ikiwezekana isiwe na haja ya namba yako ya simu pia. Authy hujisajili kwa namba, na Julai 2024 orodha ya namba za watumiaji wake milioni 33 ilivuja. Saiba inafanya vizuri, unasoma kwa simu unaandika kwa kompyuta.

Inamfaa mtu wa smartphone anayeweza kukaa chini jioni moja atulie, ahifadhi akiba yake, amalize.

Ufunguo wa siri

Simu yako ikiwa kwa Kiingereza inauita passkey. Hapa paswadi hakuna kabisa, nusu ya ufunguo inakaa kwa simu yako na nusu kwa ile tovuti, wewe unaweka kidole tu. Apple waliuleta na iOS 16 mwaka 2022, akaunti za Google zikaupata Mei 2023, WhatsApp ya Android Oktoba mwaka huo huo. Kwa Android unahitaji toleo la 9 kwenda juu.

Ukidanganywa: naanza na hii kwa sababu ndio nguvu yake. Ufunguo umefungiwa anwani halisi ya tovuti, ukipelekwa kwa ukurasa bandia uliobadilishwa herufi moja haufanyi kazi, wewe hata usipoigundua hiyo herufi simu imeigundua. Na hakuna namba ya kusomea mtu, mkora apige simu mpaka salio liishe.

Laini ikiswapiwa: haiguswi, mradi tu ule mlango wa nyuma wa SMS usiwe wazi, ni hadithi ileile ya apu.

Simu ikinyakuliwa: sasa hapa. Kidole kikikataa, simu inakubali PIN ya skrini, kwa hivyo yule aliyekaa nyuma yako kwa mathree akakuona ukibonyeza namba nne, kisha mwenzake akanyakua mbele, ana funguo zako zote. Dawa ni PIN ya namba sita kwenda juu (ile ya kuchora mistari achana nayo, mafuta ya kidole yanabaki kwa kioo), na kuwasha ulinzi wa wizi. Android ya 10 kwenda juu nyingi sasa ziko na ile inayohisi simu imenyakuliwa na mtu anakimbia nayo ikajifunga yenyewe, ni kama waliiwaza wakiwa Tom Mboya. iPhone kuanzia iOS 17.3 ya Januari 2024 ukiwa mbali na nyumbani ama kazini inakataa PIN kwa mambo mazito na inataka uso, na mengine inakungojesha saa nzima.

Na kuna nyumba ambazo PIN ya simu inajulikana na watoto, mume, mke, dada wa kazi. Kila anayeijua hiyo PIN ana funguo zako. Mimi sisemi mtu amfiche mwenzake, nasema tu ujue.

Kurudi: zinahifadhiwa kwa Google ama iCloud, simu mpya ukiingia zinarudi, ila kwa Google huwa inakuuliza PIN ya skrini ya ile simu ya zamani, usiisahau. Kuhama kutoka Android kwenda iPhone ndio kuna kujikwaa, mara nyingi unatengeneza funguo upya moja moja.

Pesa na usumbufu: bure, lakini ni kwa wanaoukubali, Google, Apple, Microsoft, Amazon, WhatsApp na wengine. Saiba ni kibarua, unaskani QR na kompyuta iwe na Bluetooth, na zile kompyuta za River Road sijui kama zimewahi kuiona. Hapo unarudi kwa paswadi na apu, kwa hivyo usizifute.

Inamfaa anayeishi kwa simu yake, haendi saiba sana, na anajijua akiharakishwa hubonyeza linki.

Kifunguo cha USB

Ni kidubwasha kidogo cha kuning'iniza na funguo za nyumba, YubiKey ndio maarufu, Google wako na yao inaitwa Titan. Unachomeka ama unagusisha nyuma ya simu, unakigusa, basi.

Kwa kudanganywa kina nguvu ileile ya ufunguo wa siri, maana mtambo ni ule ule. Google walisema 2018 kwamba tangu wawape wafanyakazi wao zaidi ya 85,000 hivi vifunguo hakuna aliyethibitishwa kunaswa kwa akaunti ya kazi. Laini ikiswapiwa hakijali. Simu ikinyakuliwa kifunguo kiko mfukoni, na hata kama mwizi anajua PIN yako ya skrini hawezi kuingia upya mahali, ila zile akaunti zilizokuwa zimefunguka bado uzikimbilie vile nilisema mwanzo.

Kurudi ni kununua viwili. Sio pendekezo, ni lazima, kimoja utembee nacho na kimoja kikae nyumbani ama kwa mtu unayemwamini, kwa sababu ukiwa na kimoja na kikapotea unajifungia nje mwenyewe. Na hapo ndipo bei inauma: kile cha kawaida huko Marekani ni kama dola 25 hadi 30, zidisha mara mbili, ongeza usafiri na ushuru. Nunua kipya ambacho pakiti yake haijafunguliwa, cha mkono wa pili wachana nacho hata muuzaji wa Luthuli akuapie. Saiba kinafanya, kama hawajaziba matundu ya USB.

Kinamfaa mwanahabari, wakili, mtetezi wa haki, anayeshika akaunti ya kampuni ama ukurasa wenye watu wengi, mtu ambaye kuna mtu fulani anamtafuta yeye kwa jina. Hao pia waangalie mpango wa Google wa ulinzi wa juu, unajisajili bure na unaziba milango mingi ya nyuma kwa mpigo mmoja.

Sasa wewe uko wapi?

Kama unapanda mathree kila siku na simu iko mkononi, kabla hujachagua chochote weka PIN ya laini na ulinzi wa wizi leo. Kisha apu yenye kufuli yake kwa imeli, na ufunguo wa siri ukiwa na PIN ndefu.

Kama unaogopa laini zaidi, labda namba yako iko kwa mabango na ndio ya biashara pia, ondoa SMS kwa imeli uende apu ama ufunguo wa siri, na piga ile *100*100#. Benki ikikulazimisha SMS, fikiria kuipa laini nyingine ambayo humpi mtu, lakini iwe na salio na uitumie isije ikakatwa.

Kama ni wewe mwenyewe unajiogopa, unabonyeza linki ukiwa umechoka, ufunguo wa siri. Na kwa WhatsApp uongeze ile PIN yao ya namba sita, iko kwa setting tangu 2017 na bado grupu nyingi za chama nusu ya watu hawajaiweka.

Kama huna kompyuta na kazi zako za eCitizen unafanyia saiba, apu na karatasi ya namba za akiba, na utoke kwa akaunti kabla hujalipa.

Kama ni mzazi wako kijijini, acha SMS, mwekee PIN ya laini, andika PUK kwa daftari lake, na umwambie mtu yeyote akiomba namba sita akate simu akupigie wewe kwanza.

Kama kazi yako inakufanya ulengwe, vifunguo viwili, na cha pili kisikae kwa begi moja na cha kwanza.